Adrian Atiman wa Karema: Hadithi katika Maisha ya Mtu na katika Kazi ya Mwalimu

Mwanafunzi wa ualimu aendapo kwenye mazoezi ya kufundisha hubeba andalio la somo la hisabati lililojaa shabaha, zana na maswali ya kupima. Andalio lake la kipindi cha hadithi mara nyingi huwa mistari miwili. Tumeyasoma maandalio hayo kwa miaka kadhaa, na mambo mawili tumeyaona yakijirudia. La kwanza ni kwamba hadithi hupewa watoto wa madarasa ya chini peke yao, kana kwamba ni maziwa ya mama ambayo mtoto huachishwa akishaota meno. La pili ni kwamba hadithi huwekwa mwisho wa siku, ijaze dakika zilizobaki kabla ya kengele. Nyuma ya mazoea hayo mawili ipo dhana moja, nayo ni kwamba hadithi ni burudani ya utotoni na mtu mzima mwenye kazi zake haihitaji.

Katika makala haya tunaipinga dhana hiyo. Hatutaipinga kwa nadharia za malezi, ambazo wanachuo watazikuta katika masomo mengine, bali kwa kueleza maisha ya mtu mmoja aliyeishi, akafanya kazi na akafa katika eneo ambalo leo ni mkoa wetu wa Katavi. Mtu huyo ni Adrian Atiman, tabibu na katekista wa Karema. Wengi wa wanachuo wamelisikia jina lake kwa sababu ya hospitali ya Sumbawanga inayoitwa kwa jina hilo, na wengine wamepita mbele ya Atiman House jijini Dar es Salaam. Lakini tukiuliza Atiman alikuwa nani, jibu huwa kwamba alikuwa mzungu, padre. Hakuwa mzungu, wala hakuwa padre.

Alizaliwa yapata mwaka 1866 mahali paitwapo Tundurma, kando ya mto Niger, katika upande wa mji wa Timbuktu. Nchi hiyo leo ni Mali. Alikuwa Msonghai. Inafaa mwalimu ajue jambo moja kuhusu watu hao kabla ya kuendelea. Wasonghai walikuwa na dola kubwa iliyovunjwa na jeshi la Moroko mwaka 1591. Hazina yao ilichukuliwa na utawala wao ukagawanyika. Hata hivyo habari za mfalme wao Askia Muhammad ziliendelea kutambwa kwa mdomo na wasimulizi wa kurithi, baba akimfunza mwana, mpaka karne ya 20, ambapo watafiti walizirekodi kwa mashine na kuzichapa vitabuni. Karibu miaka mia nne ilipita tangu dola ianguke, na waliosikiliza hawakuwa watoto peke yao. Walikuwa wazee, wakulima na wavuvi, katika harusi na katika mabaraza. Mtoto Atiman alizaliwa katika jamii ya namna hiyo.

Akiwa bado mdogo alitekwa na Watuareg, watu wa jangwani, akauzwa utumwani. Alivushwa jangwa la Sahara kuelekea kaskazini katika msafara wa biashara, njia ambayo kwa karne nyingi ilikuwa imepitisha chumvi, dhahabu, nguo na watu. Hapa hatuna haja ya kueleza kiu na jua. Mwanafunzi yeyote wa Mpanda aliyetembea kwa miguu mwezi wa Oktoba anaweza kukisia. Tunaomba badala yake mwanachuo afikirie ni vitu gani mtoto wa namna hiyo hunyang'anywa. Hunyang'anywa wazazi, kisha lugha, maana hakuna wa kuizungumza naye. Hunyang'anywa mahali, na mara nyingi jina, kwa kuwa kila mnunuzi huweza kumwita apendavyo. Mwenye kuuza watumwa hutaka mtu asiye na mwanzo. Mtu mwenye mwanzo hukumbuka kwao, na mtu akumbukaye kwao hutoroka.

Kitu kimoja hakinyang'anyiki kwa kamba wala kwa mjeledi: mtoto hujua kwamba yeye ni wa mahali fulani, kwamba siku fulani alichukuliwa, na kwamba kabla ya siku hiyo mambo yalikuwa hivi na hivi. Hiyo tayari ni hadithi. Ina mwanzo, ina tukio lililovuruga mambo, ina safari. Mtoto wa miaka tisa au kumi hawezi kuipanga vizuri, lakini huibeba. Tutaona kwamba Atiman aliibeba kwa muda wa miaka sabini.

Mwaka 1876, akiwa na umri wa miaka kama kumi, alikombolewa kusini mwa Aljeria na Wamisionari wa Afrika, ambao hapa kwetu wazee waliwaita Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Shirika hilo lilikuwa changa. Askofu Mkuu wa Algiers, Charles Lavigerie, alilianzisha mwaka 1868. Atiman aliwekwa shuleni pamoja na vijana wengine waliokombolewa, akajifunza Kifaransa na dini, na hatimaye akabatizwa kwa jina la Adrian. Jina lake la awali hakulitupa. Mpaka leo tunamjua kwa jina hilo la pili kuliko la kwanza, na jambo hilo si dogo kwa mtu aliyepita mikononi mwa wauzaji.

Lavigerie alikuwa na mpango ambao kwa wakati wake ulikuwa wa ujasiri. Aliona kwamba wamisionari wa Ulaya walikufa kwa wingi barani Afrika, na kwamba tabibu Mwafrika angesikilizwa na Waafrika kuliko mgeni. Kwa hiyo mwaka 1881 alifungua nyumba katika kisiwa cha Malta, ambako vijana waliokombolewa utumwani wangesomea utabibu katika chuo kikuu cha kisiwa hicho, kisha wapelekwe kwenye misheni za Afrika wakiwa matabibu na makatekista kwa pamoja. Atiman alikuwa miongoni mwao. Alikaa Malta mpaka mwaka 1888.

Katika miaka hiyo Lavigerie, ambaye tangu mwaka 1882 alikuwa Kardinali, alijiandaa kwa kampeni kubwa ya kupinga biashara ya watumwa, na mwaka 1888 alihubiri katika miji ya Ulaya akieleza mateso ya watu wa Afrika ya Kati. Majarida ya misheni ya zama hizo yalichapisha masimulizi ya watu waliokombolewa. Masimulizi hayo yalifanya kazi njema, maana yaliwaamsha watu na kukusanya fedha. Lakini sisi walimu tuyatazame kwa uangalifu. Hadithi ya mtumwa ikiwa mikononi mwa mchangishaji fedha hupangwa ili msikilizaji alie, nayo humalizika mtumwa anapokombolewa. Yule aliyekombolewa, kwa upande wake, bado ana miaka hamsini au sitini ya kuishi, na hadithi yake haijamalizika. Tofauti hiyo kati ya hadithi inayotumiwa na wengine na hadithi inayoshikwa na mwenyewe itatufaa tutakapofika darasani.

Atiman aliondoka kaskazini mwaka 1888 na kufika Karema mwaka 1889, akiwa kijana wa miaka kama ishirini na mitatu. Huo ndio mwaka ambao pwani yetu ilikuwa vitani, Abushiri bin Salim akipigana na Wajerumani. Kijana aliyezaliwa kando ya mto Niger sasa alikuwa kwenye ufuko wa ziwa Tanganyika, upande mwingine kabisa wa bara.

Karema, ambayo leo imo katika wilaya ya Tanganyika, zaidi ya kilomita 100 kwa barabara kutoka Mpanda mjini, ilikuwa imepitia mambo mengi kwa miaka michache. Wabelgiji waliotumwa na chama cha Mfalme Leopold wa Pili walijenga kituo hapo mwaka 1879, wakakiwekea kuta kama ngome. Mwaka 1885 walikikabidhi kwa wamisionari. Wakati kituo kinajengwa maji ya ziwa yalikuwa karibu. Muda si mrefu ziwa lilipungua kwa sababu maji yalipata njia ya kutokea katika mto Lukuga ng'ambo ya Kongo, na ngome ikabaki mbali na ufuko. (Mwalimu wa jiografia asiache kuwaonyesha wanafunzi jambo hili, ni nadra kupata mfano wa namna hiyo karibu na nyumbani.) Nchi yote ya ukanda huo, ya Wabende, Watongwe, Wapimbwe, Wafipa na Wakonongo, ilikuwa imeumizwa na vita na biashara ya watumwa. Misheni ilikuwa imejaa watoto waliokombolewa kutoka kwenye misafara ya ziwani, watoto wasiojua wazazi wao waliko, waliozungumza lugha mbalimbali na kuunganishwa na Kiswahili.

Kwa hiyo fikiria nani alikuwa ametumwa kwao. Miongoni mwa watu wazima wa misheni ile alikuwapo mmoja ambaye mambo yaliyowapata watoto wale hakuyasoma kitabuni. Wamisionari waliwahurumia, Atiman alikuwa mmoja wao. Kuwapo kwake tu, akiwa na mikoba ya dawa na elimu ya chuo kikuu, kulikuwa hadithi iliyosimama mbele ya macho yao: mtoto aliyeuzwa aweza kuwa mtu mzima mwenye kazi, heshima na nyumba. Tunathubutu kusema kwamba hakuna somo la maadili katika mtaala wowote lililowahi kuwa na zana bora kuliko hiyo.

Mwaka ule ule wa 1889 alimwoa Agnes Wansahira, binti wa mtemi wa Wabende. Ndoa hiyo ilimtia katika jamii ya wenyeji. Hakuwa tena mtu wa misheni peke yake. Alikuwa mkwe, shemeji, na baadaye baba. Mwana wao aliitwa Joseph, akawa padre.

Kazi yake ilikuwa mbili. Kama tabibu alitibu watu wa Karema na vijiji vya mbali, kwa miguu na kwa mtumbwi. Ulikuwa wakati wa ndui, na mwanzoni mwa karne ya 20 malale yalienea kwenye fuko za ziwa Tanganyika mpaka serikali ya Kijerumani ikahamisha watu kutoka sehemu za ufukweni. Elimu ya Malta haikuwa na majibu yote ya maradhi ya huku. Atiman alijifunza pia dawa za miti shamba za wenyeji, jambo ambalo matabibu wengi wa zama zile wangeliona la aibu. Wazo letu ni kwamba mtu hawezi kujifunza dawa za wenyeji bila kuketi na wazee wao na kuwasikiliza. Na mzee wa Kibende au wa Kifipa hamtajii mgeni mti na ugonjwa wake kama anayesoma orodha. Humwanzia na nani aliugua, alipatwa wapi, nani alimwonyesha mti huo, na nini kilitokea. Elimu hiyo yote imefungwa ndani ya masimulizi. Hata mgonjwa mwenyewe afikapo kwa tabibu jambo la kwanza analotoa ni hadithi ya ugonjwa wake: ulianza lini, alikuwa safarini wapi, homa ilipanda usiku au mchana. Tabibu asiyejua kusikiliza hadithi hiyo hutibu asichokijua. Tunalitaja jambo hili kwa sababu wanachuo hudhani kwamba sayansi na hadithi ni mahasimu.

Kama katekista alifundisha dini. Kufundisha dini katika siku zile, bila vitabu vya kutosha, kulikuwa hasa kusimulia habari za Biblia. Mojawapo ya habari zinazosimuliwa na kila katekista ni ile ya Yusufu mwana wa Yakobo, aliyeuzwa na ndugu zake, akapelekwa Misri na wafanyabiashara wa msafara, akawa mtumwa, kisha akawa mtu mkubwa katika nchi ya ugeni na kuokoa maisha ya wengi. Waislamu nao wanaifahamu vyema, maana ina sura yake katika Kurani, na washairi wa pwani wameitungia tenzi. Hatusemi kwamba Atiman alimwita mwanawe Joseph kwa sababu hiyo. Jina hilo ni la kawaida kwa Wakristo. Tunasema tu kwamba habari ya Yusufu haiwezi kuwa ngano ya watoto kwa mtu aliyevuka Sahara katika msafara wa wauza watu. Habari ile ile ambayo mtoto wa darasa la pili huisikiliza kwa sababu ya kanzu nzuri na ndoto, kijana huisikiliza kwa sababu ya wivu wa ndugu, na mtu mzima huisikiliza kwa sababu ya swali gumu la kusamehe. Maneno ni yale yale, mhitaji amebadilika. Mwalimu akilielewa jambo hili moja, ataacha kusema kwamba wanafunzi wa darasa la saba wameshavuka umri wa hadithi.

Miaka ilipita. Wajerumani waliondolewa katika sehemu hii mwaka 1916, na Waingereza wakaja. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Tawi la reli hiyo lilifika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya machimbo ya madini ya risasi. Atiman alibaki Karema. Alitunukiwa medali, lakini hatutakaa sana juu ya medali.

Jambo lililo kubwa zaidi kwa mada yetu lilitokea katika uzee wake. Mwaka 1946, akiwa na umri wa miaka kama themanini, habari za maisha yake alizozieleza mwenyewe zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records, lililokuwa likitolewa Dar es Salaam. Tujiulize kwa nini mzee wa miaka themanini, mwenye kazi yake, mwenye mtoto padre, mwenye kuheshimiwa na kila mtu kutoka Kigoma hadi Ufipa, ahangaike kurudi katika siku aliyotekwa. Hakuhitaji tena kumthibitishia mtu yeyote chochote. Fedha za kampeni ya Lavigerie zilikuwa zimekwisha kutumika nusu karne nyuma, na Kardinali mwenyewe alifariki mwaka 1892.

Jibu letu ni kwamba uzeeni mtu huhitaji hadithi yake kuliko wakati mwingine wowote. Mtoto huhitaji hadithi ili ajue dunia ilivyo. Kijana huihitaji apate mfano wa kuwa. Mzee huihitaji ili vipande vya maisha yake viungane. Maisha ya Atiman yalikuwa na vipande vilivyotengana kuliko ya wengi wetu: Tundurma na Malta, Watuareg na Wabende, soko la watumwa na chuo kikuu. Hakuna mtu mwingine aliyekuwapo katika vipande vyote. Agnes hakuiona Sahara, mapadre hawakuiona Tundurma, na wale waliomteka hawakujua kwamba yuko Karema anaponya watu. Yeye peke yake ndiye aliyeweza kusema kwamba mtoto yule wa mtoni na mzee huyu wa ziwani ni mtu mmoja. Na safari hii hadithi haikumalizika siku ya kukombolewa, kama ilivyokuwa katika majarida ya kuchangisha fedha. Iliendelea mpaka uzeeni, kwa sababu aliyeishika alikuwa mwenyewe.

Alifariki Karema mwaka 1956, baada ya kuhudumu hapo kwa miaka 67.

Sasa tugeukie darasa. Shule za Katavi si shule za kabila moja. Mwalimu mpya atakuta watoto wa Wapimbwe na Wabende, wa Wasukuma waliohamia na mifugo yao, wa Wafipa, wa wavuvi kutoka Kigoma, na wajukuu wa wakimbizi kutoka Burundi. Makazi ya Katumba yalifunguliwa mwaka 1973 na yale ya Mishamo mwaka 1978, kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Wengi wa watu hao walipata vyeti vya uraia wa Tanzania mwaka 2014. Katikati ya miaka ya 1980 mtafiti Liisa Malkki alikaa Mishamo na vilevile Kigoma mjini, na kitabu chake kilitoka mwaka 1995. Alikuta Mishamo watu wazima wakisimulia daima habari za walikotoka, kwa nini walifukuzwa, na nani walikuwa maadui. Kigoma mjini, wakimbizi wa nchi ile ile hawakuzishughulikia sana habari hizo. Wengi walipendelea kuchanganyika na wenyeji bila kujulikana. Hili linathibitisha hoja yetu, maana waliosimulia walikuwa watu wazima na wazee waliolima mchana kutwa. Lakini linatuonya pia. Hadithi ya walikotoka ilikuwa imewapa nafsi, na papo hapo iliweza kuwarithisha watoto uadui na watu ambao hawajawahi kuwaona. Mwalimu anayedhani kwamba kila hadithi ya kale ni chakula kizuri bado hajafikiri vya kutosha.

Ndiyo maana tunayaona maisha ya Atiman kuwa zana nzuri katika mkoa huu. Yanamhusu mgeni aliyeletwa hapa na mateso, akawa mwenyeji bila kukana alikotoka. Mtoto wa Mishamo anaweza kujiona ndani yake bila kulazimishwa kusimulia habari za babu yake mbele ya darasa. Tunasisitiza neno hilo, bila kulazimishwa. Tumewahi kuona, katika shule moja, mwalimu akimsimamisha mtoto na kumtaka aeleze jinsi familia yake ilivyokimbia, ati ili somo liwe na uhai. Mtoto yule alinyamaza, na wenzake wakacheka. Hadithi ya mtu ni mali yake. Atiman alitoa yake kwa wasomaji akiwa na miaka themanini, kwa hiari. Mwalimu asiwe mchangishaji fedha. Asimulie ya Atiman, kisha anyamaze kidogo. Mtoto atakayetaka kuleta ya kwao ataileta, pengine baada ya wiki tatu, pengine kwa maandishi, pengine asilete.

Katika darasa la pili au la tatu inatosha kusimulia juu ya mtoto wa mtoni aliyechukuliwa, akavuka mchanga mwingi, akajifunza kuponya watu, akaja kwenye ziwa letu. Isimuliwe kwa mdomo, isisomwe. Sauti ipande na kushuka, na mwalimu awatazame watoto machoni. Kosa linalojirudia kwa wanachuo ni kuikatiza hadithi kila baada ya sentensi tatu kwa maswali ya ufahamu. Mtoto aliyeko katikati ya Sahara haulizwi rangi ya ngamia. Maswali yangoje mwisho, na mengine yangoje kesho.

Katika darasa la tano na la sita hadithi hiyo hiyo ichorwe katika ramani ya Afrika, kutoka mto Niger hadi Aljeria, Malta na Karema, na wanafunzi wakadirie umbali wa safari nzima wakiiga kipimo cha ramani. Hapo jiografia, historia na hisabati hukutana bila kuvutwa kwa nguvu. Katika darasa la saba wanafunzi waweza kujadili swali tulilolitaja, kwamba hadithi ya mtu inabadilika namna gani ikisimuliwa na mwenyewe na ikisimuliwa na anayetaka kuitumia. Mwanafunzi wa darasa la saba ana akili ya kutosha kwa swali hilo, ila mara nyingi hakuna anayemwuliza.

Kazi ya nje ya darasa ni ya thamani zaidi. Wanafunzi watumwe kwa wazee, wakaulize habari moja tu, mathalani ya mkwaju wa Katavi. Karibu na ziwa Katavi, ndani ya hifadhi, upo mti ambao watu husema ndimo ilimo roho ya Katavi, mwindaji wa kale, na watu huacha sadaka chini yake wakiomba heri. Mkoa mzima umeitwa kwa jina hilo tangu mwaka 2012, na bado tumekutana na watoto wanaoishi ndani ya mkoa huo ambao hawajawahi kuisikia habari hiyo. Mzee mmoja atasema hivi, na mwingine atasema vingine. Mwalimu asikimbilie kuamua nani amekosea. Aandike ubaoni yote mawili, na wanafunzi waone kwamba mzee wa miaka sabini anaposimulia habari ya Katavi macho yake huangaza kama ya mtoto. Uso huo utawafundisha zaidi kuliko maelezo yetu yote haya.

Limebaki jambo moja ambalo mwanachuo atakutana nalo mara tu atakapoijaribu hadithi ya Atiman darasani, kwa hiyo ajiandae. Watoto watauliza kama alirudi kwao, akamwona mama yake. Huliuliza wa darasa la pili na huliuliza watu wazima katika madarasa ya kisomo. Atiman hakurudi kuishi Tundurma. Aliishi Karema mpaka mwisho wa maisha yake. Mwalimu aseme hivyo, polepole, wala asimbunie safari ya kurudi ili watoto wafurahi. Watanyamaza. Awaache wanyamaze.